Mkono Kwenye Ulimi wa Bawa

3 Januari, Jumamosi

Namshukuru Mola aliyeniamsha na viungo vyangu vyote. Kalamu hii nimeiokota pale kazini, kwenye chumba cha kufulia mashuka ya hospitali, kwa hiyo sina udhuru wa kutoandika. Kiangazi kimeanza. Mwaka huu nataka nikiandike chote, maana cha mwaka jana nimekisahau, na mume wangu ananiambia kichwa changu ni chujio.

Haya, siku ya kwanza tu na tayari nimepigwa na butwaa. Mkaguzi wa ndege amekuja uwanjani leo. Akaizunguka glaida yetu kuukuu, ile ya mbao na kitambaa tunayoiita Bibi, akabonyeza mbao ya bawa kwa kidole gumba. Kidole kikazama! Kilizama kama kwenye mkate wa moto. Gundi yote imekufa.

"Bibi amestaafu," akasema. "Asiruke tena."

Mume wangu akaifuta ile mbao kwa kiganja. Mdogo wake, yaani shemeji yangu, ambaye Bibi ni mali yao wawili, alivua kofia kama mtu aliyefika msibani. Mimi nilikaa chini kwenye nyasi. Huyo Bibi amembeba mume wangu juu ya mawingu miaka yote hii, hana injini, hana kelele, na mimi huku chini nikisema Mungu yupo. Kumbe alikuwa mkate.

Mashindano ni Machi. Hawana ndege.

4 Januari

Nimesali. Mume wangu, Baba Pacha, hajala.

10 Januari, Jumamosi

Nieleze vizuri, ili wanangu pacha wakija kusoma wasiseme mama aliandika mafumbo.

Glaida haina injini. Inavutwa juu kwa kamba na ndege nyingine, kamba inaachiwa, halafu rubani anatafuta mahali hewa ya moto inapopanda. Anazunguka humo kama mwewe, anapata kimo, kisha anateleza mbele kutafuta hewa nyingine. Wanashindana nani atafika mbali. Lakini glaida hazilingani, kuna mpya zilizochongwa kama kisu na kuna kina Bibi. Kwa hiyo kila aina imepewa namba yake ya usawa. Ndege ya namba mia ikienda kilomita mia, na Bibi wa namba themanini na nane akaenda themanini na nane, wamelingana.

Ndiyo maana kuchagua ndege ya mashindano haya si kuchagua iliyo nzuri. Unatafuta ile ambayo walioikadiria waliidharau kidogo. "Kama kuchagua mke," akasema mume wangu mezani, na nikamrushia kitambaa cha vyombo.

Mwalimu wa uwanja, yule mama mrefu aliyewafundisha wote kuruka, amewakubalia wajaribu tatu kabla ya kuamua. Ya kwanza tumeibatiza Wastani, namba yake mia kamili. Ya pili ni Sindano, nyembamba, mabawa marefu, namba mia na kumi na mbili. Ya tatu ina viti viwili, kimoja mbele kingine nyuma, nene, namba tisini na mbili. Hiyo tumeiita Nyumba.

"Nyumba," akasema Shemeji, hata chai hajaigusa. "Kaka, tuchukue Nyumba."

Mume wangu akacheka mpaka akakohoa. "Ile ya wanafunzi? Unataka nishindane nimebeba abiria?"

"Tungeruka wote."

"Wewe na mimi tumeruka kwa zamu miaka yote. Leo umepata woga?"

Shemeji akasukuma kikombe kando. Alikuwa na uso wa mtu mwenye lake moyoni.

14 Januari

Mume wangu amebadilisha kufuli ya mlango wetu wa mbele. Ati imechoka, ufunguo hauzunguki. Yeye ni fundi wa kufuli, na mganga hajigangi, sikuuliza. Mimi kwangu ile ya zamani ilikuwa inafunguka tu.

17 Januari, Jumamosi

Leo ilikuwa Wastani.

Hapa kuna jambo la uwanjani ambalo mtu wa nje halijui. Glaida hufunguliwa vipande vipande ikasafirishwa kwenye trela, kisha ikaungwa tena asubuhi. Sasa je, vyuma vya ndani vimeshikana? Kwa hiyo kabla ya kuruka, rubani anakaa kitini na mtu wake anasimama kwenye bawa, anashika kile kipande cha nyuma kinachopanda na kushuka. Sisi tunakiita ulimi. Mimi naubana ulimi kwa viganja viwili, yeye anausukuma kwa usukani wake kutoka ndani, kulia, kushoto. Nikisikia nguvu yake imefika mikononi mwangu, napaza sauti: "Sawa!" Bila hiyo "sawa" Mwalimu haruhusu kamba ifungwe. Na ni desturi kila rubani ashikiwe na mtu wake mwenyewe. Shemeji anashikiwa na mkewe, mume wangu anashikiwa na mimi. Tangu tuoane, hivyo ndivyo.

Nisiwe muongo, napenda dakika ile kuliko zote. Yeye yuko ndani ya kioo, mimi niko mbali kwenye ncha ya bawa, na bado nausikia mkono wake. Kama kushikana mikono kupitia ukutani.

Leo mkono ulikuja taratibu. Nikasema, "Sukuma, Baba Pacha!"

"Nasukuma!"

Nikasema sawa, kwa kuwa ulikuja. Aliposhuka akatoa hukumu: "Vyuma vyake vimelegea. Usukani mzito halafu haufiki." Nikakubali, nami niliona hivyo hivyo. Wastani imelegea.

24 Januari, Jumamosi

Leo nitaandika vibaya.

Asubuhi tumefanya kama kawaida. Nimebana ulimi, akasukuma, ukaja kwa uvivu ule ule. Nikasema sawa. Mungu anisamehe hiyo sawa.

Mchana hewa ilikufa, wingu la juu likaziba jua. Marubani wengine wakarudi mmoja mmoja. Yeye hakurudi. Redio ikakoroma, sauti yake ikasema anashuka kwenye shamba la nje, ng'ambo ya kiwanda cha matofali. Hilo si jambo la ajabu, glaida ikikosa hewa inatua popote, na kazi yangu ni kwenda na trela. Tukaondoka mimi na Shemeji, yeye kwenye usukani wa gari, mimi na tasbihi ya midomo yangu.

Tulipofika nilishuka kabla gari halijasimama. Wastani ilikuwa imegeuka nyuma mbele, pua inatazama ilikotoka, majani yamefyekwa duara zima. Bawa moja liko chini. Kioo kimefunguka. Kiti kitupu.

Kitupu! Niliita jina la Mungu na jina la mume wangu kwa pumzi moja.

"Niko hapa," akasema mtu. Alikuwa ameketi upande wa pili wa ndege, kivulini, anakula chungwa, kwa mkono wa kushoto.

Nilimpiga. Ndiyo, nimemkumbatia kwanza, halafu nimempiga begani. "Unakula chungwa!"

"Ulitaka nilie?"

Alieleza kwamba karibu na ardhi upepo ulinyanyua bawa moja, akalisukuma lishuke, halikushuka, la pili likakamata majani, ndege ikazunguka kama pia. "Vyuma," akasema. "Niliwaambia. Hii ndege haimsikii rubani."

Shemeji alizunguka bawa zima. Akaingiza mkono ndani ya kiti, akacheza na usukani, akatazama ulimi unavyopanda na kushuka. Akamtazama kaka yake. Kisha akasema tena, polepole: "Kaka, Nyumba."

"Ukinitajia Nyumba tena nitakuacha hapa na ng'ombe."

Njiani kurudi nilikuwa nawaza, huyu Shemeji ana roho gani? Kaka yake kanusurika kifo, yeye bado anapigia debe ndege yake. Anataka kukaa kiti cha mbele, ndiyo hiyo. Amechoka kuwa mdogo.

25 Januari

Nimemwombea Shemeji. Tamaa ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine.

31 Januari, Jumamosi

Sindano. Jamani, ndege nzuri! Bawa linang'aa mpaka unaona aibu kulishika na mikono ya sabuni. Nimebana ulimi. Mkono ukaja, mdogo, mbali, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya wagonjwa. Nikashangaa. Hata Sindano?

Baba Pacha aliruka dakika chache akashuka. "Nzito kwenye usukani," akasema. "Na namba yake kubwa mno. Mia na kumi na mbili! Hapo hata ukiwahi unahesabiwa umechelewa." Wenzake wakamcheka, wakamwambia mwaka huu anachagua glaida kama bibi harusi wa mara ya nne. Akacheka nao. Mimi sikucheka, sijui kwa nini.

4 Februari

Amefunga vifungo vya shati kwa kushoto. Nikamwambia umekuwa mtoto. Akasema anazoeza ubongo, alisikia redioni.

7 Februari

Mvua ya ghafla, hakuna kuruka. Mteja amerudisha funguo, ati meno hayakuchongwa sawa. Haijawahi kutokea. Baba Pacha akasema tupa imekwisha makali, akanunua tupa mpya.

Kufuli mpya, tupa mpya, sasa ndege mpya. Nimeandika sentensi hiyo nikaiangalia. Nimeifunga daftari nikaenda kupiga pasi.

14 Februari, Jumamosi

Ee Mola, nipe maneno.

Leo amerudia Sindano. Alisema hakuitendea haki, muda umekwisha, wiki tatu tu mashindano yaanze, bora namba kubwa kuliko kukaa nyumbani. Mke wa Shemeji ana homa hakuja. Shemeji ndiye aliyetangulia kuruka, akaniambia, "Shemeji yangu, nishikie leo na mimi, sina mtu."

Sijawahi kumshikia. Nikaenda kwenye ncha ya bawa, nikabana ulimi kama nilivyozoea. Akasukuma.

Nusura aniangushe! Viganja vilifunguka vyenyewe, ulimi ukanipiga kwenye kidole cha pete. Nikapiga kelele.

"Pole! Nimezidisha?"

"Hapana," nikasema. "Hapana. Sawa."

Ndege ile ile. Vyuma vile vile. Sindano haikulegea hata kidogo, ina nguvu za fahali. Nilibaki nimesimama juani nimeshika kidole, Shemeji akavutwa akaenda zake juu, na kichwani mwangu vitu vikaanza kudondoka kimoja kimoja kama vyombo kabatini. Chungwa. Vifungo. Tupa. Kufuli ambayo mimi niliifungua bila taabu. Wastani wa watu, masikini, tuliyoisingizia.

Shemeji akarudi, ikawa zamu ya mume wangu. Akakaa. Nikaenda kwenye ncha ileile. Nikabana, lakini safari hii taratibu, kama unavyoshika kifaranga. Akasukuma.

Ulikuja. Mungu wangu, ulikuja kama mtoto anayesukuma mlango wa msikiti au wa kanisa, mlango mkubwa, na hana uhakika kama anaruhusiwa. Nikabana kidogo tu. Ukasimama.

"Sawa?" akaita.

Sikusema.

"Mama Pacha! Sema sawa, watu wanasubiri!"

Nyuma yetu ndege zilikuwa zimejipanga. Mwalimu alikuwa na bendera mkononi. "Mama Pacha, kuna tatizo?"

"Siwezi kusema," nikasema.

"Ndege ina nini?" akauliza mume wangu.

"Ndege haina kitu, Baba Pacha."

Hapo akanitazama. Kutoka pale kitini mpaka ncha ya bawa ni mbali, kuna jua na kioo, lakini nilimwona. Alikuwa na uso wa mtu aliyeshikwa na mwenye nyumba, na huyo mwenye nyumba ndiye anayempenda. Hakubishana. Alifungua mikanda kwa mkono wa kushoto, akatoka, akapita katikati ya wenzake bila kumsalimu mtu. Mwalimu akashusha bendera.

Nyumbani akatoa ufunguo, akauingiza kwenye kufuli yake mpya, akajaribu kuuzungusha. Haukuzunguka. Akashika kwa mikono miwili. Ukazunguka.

Akabaki ameegemea mlango.

"Nilidhani ni kufuli," akasema. Halafu akasema, "La, sikudhani."

15 Februari

Nilikwenda kwa Shemeji kumlaumu, nikamkuta anamkanda mkewe paji la uso. Nikamwambia yote. Hakushtuka hata kidogo. Nikashtuka mimi!

"Ulijua?"

"Tangu tulipompeleka Bibi bandani mwaka jana. Kaka alishika shina la bawa likamponyoka. Akasema lina mafuta. Halikuwa na mafuta, Shemeji."

"Na ukanyamaza!"

"Ningemwambiaje? Yule ndiye aliyenifundisha kushika usukani. Aliniweka mapajani pake. Nikasema, akubali tu ndege ya viti viwili, nitakaa naye, mkono wake ukishindwa wangu upo. Hata asijue."

"Badala ya kusema, ukachagua ndege."

"Na yeye badala ya kusema, akakataa ndege," akajibu. Tukatazamana kama wajinga wawili. Nimemwomba radhi kwa yale niliyomwazia. Hakujua niliwaza nini, na mimi sikumfafanulia. Mungu anajua, yatosha.

18 Februari

Daktari wa pale kazini amemtazama. Mshipa wa fahamu unaokwenda mkono wa kulia umebanwa shingoni. Alimwambia asukume kiganja chake, akatikisa kichwa. "Mficha maradhi kilio humfichua, mzee. Umeuficha tangu lini?" Mume wangu akanitazama mimi kwanza ndipo akajibu: "Tangu mwaka juzi."

Mwaka juzi! Nilikuwa nimeshika mkoba, ukanidondoka, vitunguu vikaingia chini ya kitanda cha wagonjwa. Misimu miwili nimesema sawa.

Atapasuliwa baada ya kiangazi. Mkono unaweza kurudi, unaweza usirudi. Kuongoza ndege peke yake, marufuku. Kukaa kama mtu wa pili, daktari hana neno.

21 Februari, Jumamosi

Hatukwenda uwanjani. Ameketi ameangalia mawingu kupitia dirisha la jikoni. Nilimletea chai. "Mimi mzigo?" akaniuliza. "Wanibebe nyuma kama gunia?" Nimekaa naye tukaangalia mawingu wote wawili.

26 Februari

Shemeji amekuja jioni na ramani, akaitandaza mezani bila kuomba ruhusa. Akaanza kujisemea njia atakayopita siku ya mashindano. Mume wangu alikuwa amempa mgongo. Shemeji akasema atapita juu ya bwawa, kisha bondeni.

Mgongo ukatikisika.

"Halafu kutoka bondeni," Shemeji akaendelea, "nakata moja kwa moja hadi..."

"Mpumbavu wewe!" Mume wangu aligeuka. "Mchana bonde lile limekufa! Juu ya maji hewa inashuka! Utatua kwenye mahindi ukahesabiwe kama kuku! Pita kwenye kiwanda cha matofali, tanuri lao linawaka siku nzima, hewa yake inapanda kama ngazi."

"Mimi sizijui hizo ngazi, Kaka. Wewe ndiye unazijua."

Mimi nilikuwa nimeshika sahani moja, naikausha tu.

"Nyumba ni namba ngapi?" akauliza mume wangu.

"Tisini na mbili."

Akavuta kiti kwa mkono wa kushoto. Akapiga hesabu kichwani, midomo inachezacheza. "Waliokadiria waliikadiria na mwanafunzi mbele na mwalimu nyuma, wanagombana," akasema. "Hawakuikadiria na sisi."

7 Machi, Jumamosi. Mashindano

Naandika nikiwa kivulini mwa trela, wameshaondoka.

Nyumba ilikuwa ya mwisho mstarini, nene kama jina lake, vijana wenye ndege kama visu wakaitazama wakatabasamu. Shemeji alikaa mbele. Baba Pacha alikaa nyuma. Nilimfunga mikanda mimi, nikamkaza kuliko inavyotakiwa, akasema, "Mama Pacha, nitahitaji kupumua."

Mke wa Shemeji amepona, akaja mbio kushika ulimi, maana rubani ni mumewe na desturi ni desturi. Kisha akasimama, akanitazama, akarudi nyuma hatua. "Leo shika wewe, dada," akasema.

Nikaenda kwenye ncha ya bawa. Kwenye ndege ya viti viwili usukani ni miwili lakini imeunganishwa chini, ukisukumwa mmoja na mwingine unakwenda. Nilikuwa nalijua hilo kwa maneno. Nikabana ulimi kwa viganja viwili.

Kwanza ukaja mkono wa Shemeji. Huo mtu yeyote angeusikia. Nikasimama nao, miguu imara, sikuachia. Halafu, chini yake, taratibu, ukaja mwingine. Mdogo. Umechelewa kidogo, kama mtu mzima anayepanda ngazi nyuma ya kijana. Hauongezi kitu, fundi yeyote angekwambia hauongezi kitu. Ulikuwa unasukuma tu.

Mwalimu alikuwa na bendera juu. Watu wote walikuwa wanasubiri neno langu.

Nilikawia kidogo, Mungu anisamehe. Nilikuwa namsikia.

"Sawa," nikasema.